UZI: Uji wa soya na ugonjwa wa Kawasaki kwa watoto – kipi kina uzito, kipi ni uvumi

#1 MlisheTudor

Assalaam aleikum wanajukwaa. Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu ya kina mama, hapa Pwani ya Kenya, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, ukisema uji wa soya unaharibu mishipa ya moyo ya watoto na kwamba ugonjwa wenyewe unaitwa Kawasaki. Wapo waliokwisha mwaga unga. Wapo waliorudi kwenye uji wa mahindi matupu, na hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi. Naanza na upande wa chakula, madaktari na wauguzi waliomo humu watajazia ya ugonjwa.

Ujumbe haukuokotwa barabarani. Utafiti upo. Kundi la Michael Portman, daktari wa moyo wa watoto kule Seattle, Marekani, lilichapisha mwaka 2016 kazi iliyolinganisha watoto waliougua Kawasaki na watoto wasiougua, kwa kuwauliza wazazi mtoto alikuwa akila soya kiasi gani. Upande wa wagonjwa ulionekana kula isoflavoni nyingi zaidi. Isoflavoni ni kemikali za asili zilizomo kwenye soya, kubwa zikiwa jenisteini na daidzeini.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hupotea. Soya si kitu kimoja. Unga wa soya wenye mafuta yake una isoflavoni karibu miligramu 150 hadi 200 katika kila gramu 100. Tofu, ile jibini laini ya soya, ni kama 20 hadi 35. Maziwa ya soya ni 10 hivi au pungufu kwa mililita 100. Sosi ya soya ya chupa ni kama 1 tu, na mafuta ya kupikia ya soya hayana kitu. Kwa hiyo anayeogopa mafuta ya soya huku akimpa mtoto unga wa soya mtupu vijiko vinne ameshika mkia akaacha kichwa.

Kikombe kimoja cha uji, mililita 250, kinachukua kama gramu 40 za unga uliochanganywa. Ikiwa soya ni robo, hiyo ni gramu 10 za soya, sawa na miligramu 15 hadi 20 za isoflavoni. Mtoto wa kilo 10 atakuwa amepata kama miligramu 1.5 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu mzima Mjapani anayekula soya kila siku hupata kawaida miligramu 25 hadi 50 kwa mwili mzima, yaani chini ya 1 kwa kilo. Na mtoto wa miezi 4 anayenyonyeshwa maziwa ya kopo ya soya pekee hupata kati ya 6 na 11 kwa kilo.

Mjue basi kwamba uji wa soya si kitu kidogo kwa mwili wa mtoto, na pia hauko karibu na kile kiwango cha maziwa ya kopo.

#2 BintiMajengo

Shukran dada. Lakini umetuacha njiani. Waliougua walikula soya zaidi, sawa. Je, soya ndiyo iliyowatia ugonjwa au ni watu wa jamii fulani wanaokula soya na pia wanaugua zaidi? Maana Wajapani wanakula soya na Kawasaki ni yao.

#3 DaktariPwani

BintiMajengo umegonga penyewe.

Ugonjwa huu aliueleza Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Tokyo. Aliona mgonjwa wa kwanza 1961, akaandika ripoti yake 1967. Mpaka leo chanzo hakijulikani. Ni uvimbe wa kuta za mishipa ya damu ya ukubwa wa kati, na mishipa inayoulisha moyo wenyewe ndiyo inayoumia vibaya. Japani wanaongoza duniani: kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka 5, wanaougua kwa mwaka wamepita 300. Marekani ni kama 20. Ila watoto wa asili ya Kijapani wanaoishi Hawaii hubaki na kiwango cha juu, karibu 200, ingawa wanaishi kwingine. Hapo una mambo mawili yaliyosukana: damu na chungu. Wazazi hurithisha jeni na hurithisha mapishi.

Portman hakuitoa nadharia yake mfukoni. Chembe nyeupe za damu zina vipokezi vinavyodaka kingamwili za aina ya IgG. Vingine huiamsha chembe, vingine huituliza. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa jeni ulionyesha kwamba tofauti ndogo kwenye jeni la kimojawapo, liitwalo FCGR2A, inaongeza uwezekano wa kupata Kawasaki. Jenisteini nayo inajulikana maabara kwamba inazuia vimeng'enya vinavyopitisha ishara ndani ya chembe, vikiwemo vinavyotumiwa na vipokezi hivyo. Na dawa ya Kawasaki ni IgG yenyewe, inayotiwa kwa dripu. Ukiviweka vitatu hivyo pamoja unaona kwa nini mtu mwenye akili timamu alifikiria soya.

Sasa upande wa pili. Japani ugonjwa ulipanda mara kadhaa kati ya miaka ya 1970 na 2010 na zaidi, ilhali Wajapani hawakuongeza soya mara kadhaa. Kulikuwa na milipuko mikubwa 1979, 1982 na 1986. Tofu haina milipuko. Ugonjwa una misimu, na mwaka 2020 watu walipojifungia na kuvaa barakoa wagonjwa walipungua Japani, na sahani ilikuwa ileile. Hizo zote ni alama za kitu kinachoambukiza au kinachovutwa kwa pumzi kumwangukia mtoto ambaye jeni lake liko tayari. Soya, ikiwa ina mchango, ni wa pembeni.

Na utafiti wa kuuliza wazazi una kasoro yake. Mzazi ambaye mwanawe ameugua moyo hukumbuka kila kijiko alichompa. Mzazi wa mtoto mzima husahau.

#4 MzeeKisauni

Kama hakuna uhakika si waache tu? Sisi tulikua na uji wa mtama na tukapanda minazi.

#5 MlisheTudor

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki, ila kuacha nako kuna gharama yake. Soya ina protini kama asilimia 36 hadi 40 na mafuta asilimia 18 hadi 20. Mahindi matupu yana protini asilimia 9 hivi, tena yamepungukiwa na laisini, sehemu ya protini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na soya ndiyo inayojaza pengo hilo. Mtoto wa miezi 8 tumbo lake ni dogo, hawezi kunywa uji wa kumtosha protini kutoka kwa mahindi pekee. Nyumba yenye samaki, yai na maziwa kila siku inaweza kuacha soya kesho asubuhi isidhurike. Nyumba inayotegemea uji na chai ikiacha soya bila kuweka kitu badala yake, mtoto atadumaa, na kudumaa hakuna haja ya kubuniwa nadharia. Kuko wazi kwenye mizani ya kliniki.

Anayetaka kuondoa soya aondoe, lakini aweke unga wa dagaa waliokaushwa vizuri na kuondolewa vichwa, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, au yai lililovurugwa ndani ya uji ukiwa bado motoni, au kunde na pojo zilizochemshwa zikapondwa. Mbaazi pia, ila bila tui zito kwa mtoto mchanga.

#6 SistaLikoni

Naomba niingilie kabla uzi haujaenda jikoni moja kwa moja. Kina mama wanauliza soya, soya, wakati kinachoamua moyo wa mtoto wa Kawasaki ni siku za homa. Dawa ikiingia ndani ya siku 10 tangu homa ianze, watoto wanaobaki na mishipa ya moyo iliyotanuka ni karibu 4 au 5 katika 100. Bila dawa ni kama 25. Hiyo ndiyo namba ya kuzungusha WhatsApp.

Daktari tuwekee dalili tafadhali, na uzingatie ngozi zetu, maana picha za mitandaoni zote ni za watoto weupe.

#7 DaktariPwani

Ahsante sista. Homa ya siku 5 au zaidi, kali, isiyoshuka sawasawa kwa parasetamoli, pamoja na dalili 4 kati ya hizi 5.

Macho yote mawili mekundu, bila tongotongo. Yakiwa na usaha au tongotongo nyingi, fikiria kitu kingine kwanza. Midomo mikavu, myekundu, inayopasuka hata kutoa damu, na ulimi mwekundu wenye vinundu. Vipele mwilini, kwenye ngozi nyeusi uwekundu hauonekani, pitisha kiganja, utahisi ngozi inakwaruza, na angalia mapajani na sehemu inayofunikwa na nepi, maana huko huanza mapema na ngozi hubambuka mapema. Viganja na nyayo kuvimba na kukaza, mtoto anakataa kukanyaga au kushika kitu. Ukiangalia nyayo ni nyekundu hata kwa mtoto mweusi. Wiki ya pili au ya tatu ngozi hutoka kuanzia chini ya kucha. Tezi la shingo, kawaida upande mmoja, la zaidi ya sentimita 1.5.

Kuna alama moja ambayo hapa kwetu ina manufaa kuliko vitabu vya Marekani vinavyosema, kwa sababu wao hawachanjwi BCG, chanjo ya kifua kikuu. Tazama mkono wa kushoto, pale palipochanjwa BCG alipozaliwa. Kovu likigeuka jekundu, likavimba au kuota gaga wakati wa homa, mshuku Kawasaki sana.

Dalili haziji zote siku moja. Vipele vinaweza kutokea Jumatatu vikaisha Jumatano, macho yakaanza Alhamisi. Ndiyo maana muulize mama yote tangu siku ya kwanza, usihesabu tu unachokiona mezani. Na mtoto wa Kawasaki huwa na uchungu usio wa kawaida, halali, habembelezeki.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni hatari zaidi kwa sababu anaweza asiwe na dalili hizo. Mchanga mwenye homa ya siku 7 isiyo na maelezo apimwe CRP na ESR, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, na ikiwa zimepanda apigwe eko ya moyo, yaani picha ya ultrasaundi, hata kama macho na midomo ni safi.

#8 BintiMajengo

Daktari, ukimpeleka mtoto wa Mombasa hospitali na homa ya siku 5 utaambiwa malaria au surua. Inakuwaje?

#9 SistaLikoni

Na ndivyo inavyopaswa, dada. Malaria lazima ipimwe kwanza, haina mjadala. Tatizo ni pale kipimo kinapotoka safi na mtoto anaandikiwa antibiotiki, zikaisha, akaandikiwa nyingine, na siku zinakwenda. Sharubati ya pili ya antibiotiki ikishaandikwa na homa iko palepale, uliza kwa jina: "Je, inaweza kuwa Kawasaki?" Hakuna mhudumu atakayekasirika kwa swali.

Surua inafanana kwa macho mekundu na vipele, lakini surua huja na kikohozi, mafua na macho yanayotiririka, na vipele huanza nyuma ya masikio na usoni kushuka chini. Angalia pia chanjo: miezi 9 na miezi 18 kwenye Kitabu cha Mama na Mtoto.

Halafu hili la Pwani hasa. Selimundu (sickle cell). Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 2 hivi mwenye selimundu huvimba viganja na nyayo kwa maumivu, na wakati mwingine ana homa. Ukiona mikono imevimba usirukie Kawasaki wala usirukie selimundu. Macho na midomo ndivyo vitakavyokutofautishia, na damu ipimwe.

#10 DukaLaDawaBondeni

Upande wa dawa, kwa sababu hapa huwa kuna kuchanganyikiwa kukubwa.

Imunoglobulini, ile IgG ya dripu aliyoitaja daktari, ni gramu 2 kwa kila kilo, dripu moja ya saa 10 hadi 12. Mtoto wa kilo 12 anahitaji gramu 24. Chupa huwa za gramu 5 au 10 kwa kawaida, kwa hiyo ni chupa 5 za gramu 5, ikibaki kidogo imebaki. Ni ghali, na si kila famasi ina akiba ya chupa tano. Kwa hiyo mara tu daktari anapotamka neno Kawasaki, anayemwangalia mtoto apige simu famasi huku eko ikisubiriwa. Muulize mfamasia iliwekwa wapi: nyingi ni za friji, nyuzi 2 hadi 8, na hazigandishwi. Chupa iliyosafirishwa kwenye buti ya gari mchana wa Mombasa bila kibaridi usiipokee.

Dripu huanza polepole. Muuguzi huongeza mwendo baada ya kuona joto, mapigo na presha vimetulia. Kukimbiza dripu ili iishe mapema ndiyo sababu ya kutetemeka, kutapika na kuumwa kichwa. Ikiwa saa 36 zimepita tangu dripu iishe na homa ingalipo au imerudi, dawa haijashika. Hutokea kwa mtoto 1 au 2 katika 10. Hapo daktari huamua dozi ya pili au dawa nyingine.

Aspirini hutolewa pia, kwanza dozi ya juu, na homa ikishaondoka hushushwa mpaka miligramu 3 hadi 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Kilo 12 ni miligramu 36 hadi 60, yaani nusu ya tembe ile ndogo ya 75. Huendelea wiki 6 hadi 8, na ikiwa eko ni safi husimamishwa. Msimpe ibuprofeni katika muda huo: inaizuia aspirini kufanya kazi yake ya kulegeza damu. Homa ikija, parasetamoli. Na mtoto aliye kwenye aspirini akipata tetekuwanga au mafua makali ya influenza, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Aspirini na virusi hivyo vinaweza kuleta ugonjwa wa ini na ubongo uitwao Reye.

Nisisitize: aspirini hii ni kwa Kawasaki, chini ya daktari. Si dawa ya homa ya mtoto.

#11 MashineYaKongowea

Turudi kwenye unga sasa, kwa maana naona kila mtu anahesabu isoflavoni na hakuna aliyetaja soya mbichi. Wengi hununua soya soko la Kongowea, wanaileta mashineni moja kwa moja na mahindi, inasagwa, inaenda kwenye sufuria dakika tano. Mtoto anaharisha, tumbo linajaa gesi, halafu wanasema soya ina sumu. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Moto ndio unaoviua, na dakika tano hazitoshi.

Utaratibu: chagua, toa mawe na punje zenye ukungu au zilizokunjamana. Loweka saa 8 hadi 12, badilisha maji mara moja, kwa joto letu maji yakikaa usiku kucha yanaanza kunuka. Chemsha dakika 20 hadi 30. Sugua kwa mikono, maganda yaelee, yamwage. Anika juu ya turubai safi, si juu ya lami. Ikishakauka kaanga kwenye karai bila mafuta, moto wa wastani, ukikoroga mpaka iwe rangi ya dhahabu na inukie. Ikishika rangi ya kahawa umeunguza, na laisini ile ambayo dada alisema ndiyo inayojaza pengo la mahindi inaungua pia.

Kipimo cha ukavu: weka punje mezani upige kwa chupa. Ikivunjika vipande, tayari. Ikibonyea, ina maji bado.

Kusaga: soya ina mafuta, ukiipitisha peke yake inaziba chekecheke ya mashine na unga unatoka moto. Changanya kwanza na nafaka. Na mwambie fundi kilo ya kwanza iwekwe kando, kwa sababu ndani ya mashine mna mabaki ya mteja aliyetangulia.

#12 MlisheTudor

Kaka hapo umenisaidia. Naongeza uwiano: vikombe 3 vya nafaka, wimbi au mahindi au mtama, kwa kikombe 1 cha soya. Isizidi hapo. Ule unga wa "nafaka kumi" wenye njugu, korosho, mbegu za maboga na kila kitu siupendi kwa mtoto anayeanza kula. Akitokewa na vipele hujui ni kipi kilichomdhuru. Njugu na mahindi pia ndiyo milango mikubwa ya aflatoksini, sumu ya ukungu, na hewa yetu ya unyevu haihurumii. Ile ajali ya mahindi ya mwaka 2004 huko Ukambani iliwaua watu 125. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 tu katika bilioni, huwezi kukiona wala kukionja, na kuchemsha hakuiondoi. Saga kidogo, wa wiki tatu au nne, weka kwenye mkebe unaofunga. Unga wa soya ukinuka kama rangi ya mafuta umeoza mafuta yake, tupa.

Uji wenyewe uchemke dakika 15 hadi 20 baada ya kuanza kutokota, hata kama unga ulikaangwa. Anayetengeneza maziwa ya soya nyumbani aangalie: yanatoa povu na kupanda kabla hayajachemka kweli. Watu huona povu wakaepua. Punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika 10 na zaidi.

Chuma: soya ina fitati zinazoshikilia chuma na zinki visiingie mwilini. Kuloweka kunapunguza. Kamulia ndimu kwenye uji ukishapoa kidogo, au mpe kipande cha embe au chungwa baadaye. Chai ya rangi pamoja na uji inaharibu kila kitu tulichokifanya.

#13 BintiMajengo

Na maziwa ya soya kwa mtoto mchanga? Kuna wanaoambiwa na majirani kwamba ni sawa na ya mama.

#14 DaktariPwani

Hapana. Miezi 6 ya kwanza ni titi pekee. Maziwa ya soya ya dukani au ya nyumbani, yale ya pakiti ya kunywa, hayana kalsiamu, mafuta wala vitamini za kumtosha mchanga, na mtoto aliyelelewa nayo anaweza kuishia na utapiamlo mkali. Maziwa ya kopo ya soya yaliyotengenezwa kwa ajili ya wachanga ni kitu kingine, na yana kazi yake: mtoto mwenye galaktosemia, ambaye mwili wake hauwezi kuitumia sukari ya maziwa, kwa mfano, hawezi hata maziwa ya mama. Lakini kwa njiti hayafai. Mtoto anayelelewa na kopo hilo pekee ndiye aliyetajwa na MlisheTudor kwenye ile hesabu ya miligramu 6 hadi 11 kwa kilo. Kama kuna mahali pa kuichukua nadharia ya Portman kwa tahadhari ni hapo, kutokumpa mchanga soya kama chakula chake pekee bila sababu ya kitabibu.

Wawili wengine waangaliwe. Mtoto anayetumia dawa ya levothairoksini kwa sababu ya tezi ya thairoidi, si lile tezi la Kawasaki: soya inapunguza dawa kuingia mwilini, kwa hiyo dawa mbali na uji, na kiasi cha soya kisipande na kushuka ovyo. Na mtoto anayetapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula soya, akapauka na kulegea: hiyo ni aina ya mzio wa tumbo, asipewe tena, na apelekwe hospitali hapohapo kwa sababu ya kukaukiwa maji.

#15 MzeeKisauni

Nimeelewa. Mjukuu akishapona Kawasaki anarudi kwenye uji wa soya au la?

#16 DaktariPwani

Mzee, hakuna mwongozo wa matibabu unaokataza. Mimi humwambia mzazi: wiki 6 hadi 8 za mwanzo, wakati anatumia aspirini na tunasubiri eko ya mwisho, mpe protini ya samaki, yai na maziwa ukiweza, si kwa sababu soya imethibitishwa kudhuru bali kwa sababu ni rahisi kubadilisha na hakuna anachopoteza. Kama huwezi, endelea na uji wa robo soya. Eko hupigwa anapogunduliwa, kisha ndani ya wiki 1 hadi 2, kisha wiki ya 4 hadi 6. Hizo ndizo tarehe za kuandika ukutani.

#17 MlisheTudor

Hapo tunatofautiana kidogo daktari. Ukimwambia mama aondoe soya wiki nane, haitarudi tena, na mtaa mzima utasikia "daktari amekataza". Ningemwachia uji wake.

#18 DaktariPwani

Sikatai. Inategemea na nyumba.

#19 SistaLikoni

Bado moja ambalo kliniki nyingi hulipita. Mtoto aliyepewa imunoglobulini, chanjo ya surua na ya tetekuwanga huahirishwa miezi 11 tangu siku ya dripu, kwa sababu zile kingamwili za dripu huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Aliyetiwa dripu akiwa na miezi 8, ile ya miezi 9 itasogea mpaka karibu miezi 19. Chanjo zisizo hai ziendelee kwa ratiba, na polio ya matone haina shida. Kukiwa na mlipuko wa surua mtaani achanjwe tu, halafu arudiwe miezi 11 ikitimia.

Andikeni kwenye Kitabu cha Mama na Mtoto, ukurasa wa chanjo, kwa kalamu nyekundu: "IVIG" (kifupi cha imunoglobulini ya dripu), tarehe, na gramu alizopata. Muuguzi wa kesho hatakuwa huyu wa leo.

#20 DukaLaDawaBondeni

Na namba ya bechi ya chupa pia, sista. Ibandikeni ile stika ndogo inayotoka kwenye chupa.